Msilizike Trekta la Mjomba

Wacha nianze na swali. Trekta limekataa kuwaka, betri imelala, na wewe uko Garsen. Utalisukuma kuelekea wapi?

Mtu wa Murang'a au wa Taita hawezi kuona ugumu wa swali hili. Kwao, ukijua betri ni mgonjwa, jioni unaegesha juu ya kilima. Asubuhi unaachia breki, gari linaporomoka, unaachia klachi, limewaka, siku inaendelea. Sisi kilima hatuna. Delta ya Tana imelala tambarare kama mkeka, kutoka Garsen mpaka mto unapomwaga maji yake baharini kule Kipini. Trekta dogo la zamani lina uzito unaokaribia tani moja na nusu. Likishalala usiku kucha juu ya ule udongo mweusi wa mfinyanzi, hata vijana sita walioshiba mahamri wataambulia jasho tu.

Najua kwa sababu nimekuwa mmoja wa hao sita. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la usiku kutoka Nairobi, bado nina viatu vyeupe, na salamu ya kwanza niliyopewa ilikuwa, "Mjomba, weka begi chini, njoo usukume." Kwetu neno hilo linakwenda pande zote mbili: mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba. Viatu havikuwa vyeupe tena.

Mjomba ana Massey Ferguson 135, lile jekundu lenye pua fupi. Jina lake sitalitaja, hataki. Anasema mtandao ni wa watu wasio na shamba. Matrekta ya aina hiyo yalianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, na la mjomba limepita mikono mingi kabla ya kumfikia. Injini yake, Perkins ya dizeli ya silinda tatu, inanguruma vizuri kuliko mathree nyingi za Thika Road. Haidroliki inainua jembe. Gia zinaingia. Kilichokuwa kinaliua ni waya.

Ungeziona waya zenyewe! Waya ya taa imeungwa na ya redio, ya redio imeungwa na kipande cha waya ya nyumba, na kila kiungo kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Fiuzi hakuna hata moja. Mahali pake pamewekwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa kubwa zilishang'olewa. Na betri, ile yenyewe ya kuwashia trekta, jioni ilikuwa inafunguliwa na kupelekwa ndani ya nyumba ili watu waangalie mpira. Asubuhi inarudishwa kwenye trekta, kisha tunashangaa kwa nini imelala.

Watu wa kwetu wana dawa tatu za ugonjwa huu. Ya kwanza: ukifanikiwa kuwasha, usizime. Injini inanguruma kutoka alfajiri hadi magharibi, wakati wa kula, wakati wa kuswali, wakati wa kubishana na mwenye shamba kuhusu malipo. Dizeli inaungua bure, na tunajua lita moja ni pesa ngapi. Ya pili: unaazima betri ya pikapu, unawasha, kisha unaichomoa injini ikiwa bado inazunguka. Ya tatu ni bisibisi.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Waliotengeneza MF 135 hawakuwa wajinga. Stata yake haizunguki mpaka mkono wa gia ndogo uwe kwenye herufi S, mahali ambapo injini imeachana na magurudumu. Maana yake, trekta haliwezi kuwaka likiwa ndani ya gia. Lakini swichi ile ikifa, mtu hushuka, anasimama kando ya injini, anagusanisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi, cheche zinaruka, injini inazunguka. Akili yote iliyowekwa kumlinda ameiruka kwa kipande cha chuma.

Miaka mitatu iliyopita binamu yangu alisimama hapo, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, akagusanisha. Trekta lilikuwa ndani ya gia. Dizeli haikungoja. Gurudumu la nyuma likapanda juu ya mguu wake. Leo anatembea kwa mkongojo, na akiulizwa anajibu, "Ajali ya trekta." Mimi nakataa. Ile ilikuwa ajali ya waya. Swichi moja ndogo ilikuwa imekufa tangu zamani, sote tulijua, na sote tulikuwa tumezoea.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii, na naisema bila kupindisha: tunazika matrekta ambayo hayajafa, na tunaumiza watu ambao hawakupaswa kuumia, kwa sababu umeme wa volti 12 tumeufanya uonekane jambo dogo lisilo na maana, au jambo kubwa lisilotuhusu. Yote mawili ni uongo. Badilisheni mfumo wa umeme wa trekta la zamani, vizuri, kuanzia betri hadi balbu, na mtapata mashine ya kazi kwa miaka mingine mingi. Hilo lina wapinzani, nami nataka kuwajibu mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni bwana wa "uza chakavu, nunua jipya". Huyu utamkuta kwenye semina akiwa na kamba ya kitambulisho shingoni. Atakwambia vijana hawatarudi shambani mpaka waone mashine za kisasa. Na kila msimu wa siasa utaona matokeo ya mawazo yake: matrekta mapya yamepangwa uwanjani, utepe unakatwa, picha zinapigwa, ng'oma inalia. Hebu rudi baada ya misimu michache uulize yako wapi.

Historia ya eneo letu lote imejaa mashine zilizokuja bila mafundi. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa, Tanganyika, na mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kusafisha pori. Vichaka, ukame na uhaba wa vipuri vikavila. Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kwamba mchezo umekwisha. Njoo nyumbani. Mradi wa umwagiliaji wa Bura, hapa hapa Tana River, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maji yakitegemea pampu za dizeli. Pampu zilipolegea, mashamba yakakauka, na familia zilizoletwa kulima pamba zikabaki zikitazama mifereji mitupu. Mto ulikuwa unapita karibu. Kilichokosekana ni mashine iliyo hai.

Sisemi trekta jipya ni haramu. Shamba kubwa la mpunga linahitaji nguvu ambazo la mjomba halina. Lakini mkulima wa ekari chache za mahindi na pojo akiingia mkopo wa trekta jipya, ananunua na kompyuta yake, na funguo za kompyuta hiyo anabaki nazo muuzaji. Si maneno ya kijiweni. Marekani kwenyewe wakulima wamelazimika kupigania haki ya kutengeneza mali yao. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki hiyo mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali yao ikaipeleka kampuni ya John Deere mahakamani kuhusu jambo hilo hilo: nani anaruhusiwa kutengeneza. Kama mkulima wa Iowa mwenye wakili analia, mtu wa Ngao atafanyaje sensa ikifa katikati ya msimu? Wenye nduthi za mkopo mnalijua hili tayari. Ukichelewa kulipa, mtu aliyekaa ofisini anabonyeza kitufe na pikipiki yako inazimika kando ya barabara.

Na ile hadithi kwamba vipuri vya zamani vimekwisha? Kiwanda cha Coventry kweli kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini Pakistan na India waliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo huo, na vipuri vyake vinapatikana Nairobi na Mombasa. Tena kwa upande wa umeme hata huhitaji kipuri cha trekta. Altaneta ya mtumba ya gari dogo la Kijapani inatosha. Kenya hii unaweza kukosa maji ya kunywa, lakini huwezi kukosa kipuri cha Probox.

Mpinzani wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu ni mjomba mwenyewe. Yeye husema, "Mjomba, dizeli haihitaji umeme." Na ana haki nusu. Injini ile haina plagi za cheche. Ikishawaka, unaweza kuondoa kila waya na bado italima mpaka mafuta yaishe. Kuizima unavuta kebo. Ndiyo maana wazee wa kizazi chake waliacha waya zife. Waliona kama mapambo.

Lakini nusu ya pili ya ukweli huo ndiyo inayoumiza. Kuwasha kunahitaji umeme, na mwingi mno kwa sekunde chache. Kuona usiku kunahitaji umeme. Na shughuli yetu haina saa za ofisi. Maji ya mto yakipanda yanafunika mashamba. Yakishuka yanaacha unyevu ndani ya udongo kwa muda mfupi. Ukiingia mapema, trekta linazama. Ukichelewa, udongo umekuwa jiwe na jembe linarukaruka juu yake. Baina ya hayo mawili kuna siku chache tu, na kila mtu anakutaka wewe siku hizo hizo. Mwenye taa analima usiku, kukiwa na baridi, na kumaliza mashamba mawili mwenzake akimaliza moja. Asiye na taa anarudi nyumbani saa kumi na mbili, au anafanya jambo baya zaidi: anaingia barabara ya Malindi gizani, na tela nyuma lisilo na hata kioo chekundu, mabasi ya Garissa yakija kwa kasi. Hapo umeme si pambo tena.

Mpinzani wa tatu ni wewe, msomaji wangu wa mjini, usikasirike. Wewe unalipenda trekta la zamani kama unavyopenda kaseti na kamera za filamu. Ukiliona unapiga picha, unaandika kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara. Ukisikia nimetoa dainamo ya asili nikaweka altaneta ya Kijapani, unaniona mharibifu wa urithi. Bana, urithi unakula nini? Trekta hili halijafika jumba la makumbusho, liko kazini. Mjomba hana deni na kiwanda cha Coventry. Ana deni la ada ya shule.

Sasa tufungue boneti, maana makala nyingi za kupiga kelele huishia kabla ya kuchafua mikono.

Dainamo zilizofungwa kwenye matrekta mengi ya Kiingereza ya wakati ule zilikuwa ndogo. Nyingine zilitoa ampea 11 tu. Piga hesabu ya darasa la saba. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea tisa na kitu. Ongeza taa moja ya nyuma ya kuangalia jembe, ya wati 55 pia, unakaribia ampea 14. Dainamo inaleta 11, taa zinakula 14. Tofauti inatoka kwenye betri. Yaani unalima usiku na injini inazunguka, lakini betri inakufa pole pole. Tena dainamo hiyo, injini ikienda polepole, haichaji karibu chochote. Kwa hivyo mjomba alipokuwa anaacha injini iwake mchana kutwa ili "betri ijae", alikuwa anachoma dizeli kwa imani tu.

Altaneta inaanza kuchaji injini ikiwa chini, na hata ile ndogo ya gari inatoa mara tatu au nne ya dainamo ya ampea 11. Upande wa pili wa hesabu nao umebadilika: taa nne za LED za wati 18 zinakula ampea sita zote pamoja. Miaka 60 iliyopita kulima usiku kwa umeme wa trekta dogo kulikuwa ubahili wa mwanga. Leo umeme unabaki hata wa kuchaji simu.

Kazi yenyewe ilifanywa na kijana mmoja wa Minjila ambaye biashara yake ni nduthi na tuktuk. Yeye ndiye huziwekea zile taa za rangirangi na spika zinazotikisa kifua. Wazee walimcheka: "Huyu wa disko ndiye atatengeneza trekta?" Akachukua tesita yake ya bei ya chini, akaanza mahali ambapo hakuna aliyetazama kwa miaka mingi. Hakugusa altaneta kwanza. Aligusa kebo ya betri.

Aliniambia nisogeze gia kwenye S huku yeye ameweka ncha moja ya tesita kwenye kichwa cha betri kilichoungwa na bodi, na ncha nyingine kwenye injini yenyewe. Kama njia ni safi, tesita haitakiwi kuonyesha hata nusu volti wakati stata inavuta. Ilionyesha zaidi ya volti mbili. Volti mbili zilikuwa zinapotea ndani ya kebo nyembamba yenye kutu, kabla ya kufika kwenye stata! Tukaweka kebo nene ya shaba, unene wa milimita za mraba 50, tukakwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi. Kwa hilo peke yake, stata iliyokuwa inakohoa ikaanza kuzunguka kwa nguvu. Tulikuwa tumeshaambiwa stata imekufa, tununue nyingine.

Ndipo altaneta. Matrekta mengi ya Kiingereza ya enzi hizo yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Altaneta za Kijapani zinataka hasi. Ukikosea hapo, dayodi zinaungua kabla hujasema lahaula. Akageuza betri. Stata ya zamani haijali mabadiliko hayo, itazunguka upande ule ule. Akatoa kasha la zamani la kudhibiti chaji, kwa sababu altaneta ina lake ndani. Akachomelea kishikio kipya, akalinganisha puli na mkanda kwa kutumia uzi ulionyooshwa. Waya nene ya chaji akaipitisha kwenye fiuzi kubwa. Ile waya nyembamba ya kuiamsha altaneta akaiunga kupitia balbu ndogo kwenye dashibodi, ambayo inawaka ukifungua swichi na kuzimika chaji ikianza. Mita ya zamani ya ampea tukaistaafisha, haiwezi kubeba mzigo mpya. Mahali pake pakaja mita ya volti, ambayo hata mtoto anaisoma: injini imezimwa, betri iliyojaa inaonyesha kama 12.6; inazunguka na kuchaji, kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, kuna kitu. Juu ya hapo, kuna kitu.

Halafu kila taa na fiuzi yake, taa za mbele zikapita kwenye relei ili swichi isiungue, na waya zote zikavikwa mpira mbali na bomba la moshi na mbali na meno ya panya. Na mwisho kabisa, swichi ile ndogo ya kwenye S. Alipoifunga, binamu yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, mkongojo wake magotini. Hakusema kitu. Aliomba aijaribu yeye. Tukamsaidia kupanda. Akasogeza gia kwenye S, likawaka, akalizima, akaliwasha tena.

Gharama zote, pamoja na chakula cha fundi, hazikufika bei ya simu ambazo baadhi yenu mnasomea maneno haya.

Najua mnachotaka kusema, wazee wa Garsen: "Altaneta zinaungua. Fulani aliweka, haikumaliza mwezi." Kweli, ziliungua. Lakini tuulize ziliunguaje. Mkumbuke ile dawa ya pili, ya kuchomoa betri ya pikapu injini ikizunguka. Dainamo ilivumilia tabia hiyo. Altaneta haivumilii: ukiichomolea betri, umeme unaruka juu ghafla na kuua dayodi. Vile vile kuchomelea jembe kwa umeme likiwa bado limefungwa kwenye trekta, bila kufungua betri na waya za altaneta. Na kuosha injini kwa maji ya nguvu. Altaneta ni laini kuliko dainamo, hilo nakubali bila kinyongo. Inakulipa, lakini inadai adabu. Adabu hiyo inafundishika kwa nusu saa. Betri nayo ina yake: ikae kwenye trekta, mpira uangaliwe kwa sola.

Nakubali na jingine. Umeme hautibu kila kitu. Trekta la mjomba halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na taa nzuri zikimpa mtu ujasiri wa kukimbia usiku karibu na ukingo wa mto, nimemchimbia shimo jipya. Hilo ni la kushughulikia, nalo ni kazi ya vyuma na mchomeleaji mwenye akili. Lakini mtu asitumie kasoro moja kukataa kutibu nyingine.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Kuna jambo la aibu kuhusu umeme na mto wetu. Kindaruma ilifunguliwa 1968, zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa matano juu ya Tana, na umeme wake unakwenda kuwasha nchi nzima, pamoja na hizo nganya zenu zenye taa kuliko harusi. Kisha mto unashuka kwetu ukiwa umeshafanya kazi hiyo. Na wakati mwingine, kama mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, unashuka na mafuriko. Sisi tulio mwisho wa mto tunasukuma trekta gizani kwa kukosa volti 12. Hatudai bwawa. Tunadai fundi.

Na fundi yupo. Yuko Grogan na Kirinyaga Road, anaunga skrini kumi ndani ya basi moja bila kuunguza fiuzi. Yuko Mombasa, anatia king'ora kwenye tuktuk. Ujuzi wa relei, dayodi na hesabu ya ampea umejaa mijini, unatumika kuwafurahisha abiria wa kilomita 15. Sina ubaya na nganya, nimezipanda na nitazipanda. Lakini msiniambie vijana wa Kenya hawana ujuzi wa mashine za kilimo. Ujuzi wanao, hawajaitwa. Kilimo kiligatuliwa na katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini navyo viko chini ya kaunti. Bei ya trekta moja la kukatia utepe ingelipa mafundi wa kuzunguka Ngao, Wema, Hewani, Kulesa na Gamba msimu mzima, wakiwa na kebo, fiuzi, relei na tesita, na wakifundisha kijana mmoja katika kila kijiji. Hakuna picha nzuri hapo. Hakuna ng'oma. Ndiyo maana haifanyiki, na ndiyo maana lazima tuidai kwa sauti.

Wewe nawe, kama una mjomba, au babu, au jirani wa kijijini mwenye trekta lililogeuka kuwa kiota cha kuku, likizo ijayo usiende na suruali mpya peke yake. Beba tesita. Pima ile kebo kabla hujaamini mtu anayesema injini imekufa.

Siku ya kwanza ya kulima baada ya kazi ile, nilikwenda na mjomba shambani. Saa sita akasimamisha chini ya mti ili tule. Mkono wake ukaenda kwenye kebo ya kuzimia, ukasimama hapo. Akatazama mita: 14.1. Akanitazama mimi. "Mjomba, likikataa, utasukuma wewe peke yako."

"Nitasukuma."

Akavuta kebo. Injini ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue na trekta lile, tulikula chakula cha mchana tukisikilizana.